Wasafiri wa Mvua Ukutani kwa Miss Harriet

Bibi Ndeshi alikuwa na kitendawili alichokipenda kuliko vyote, akikitega kwa kila aliyemsogelea: Mama mmoja, watoto mia, sura moja. Kwao Moshi hata mtoto wa kutambaa angekijibu. Ni kalibu ya matofali. Udongo unaingia, tofali linatoka, na la kwanza na la mia ni mapacha. Lakini tangu binti yake Clara amlete ughaibuni, Missouri City, kulea wajukuu, kitendawili kile kilikuwa yatima. Wajukuu walijibu "photocopy" wakarudi kwenye simu zao.

Mtu mmoja tu ndiye alijua kucheza naye. Huyo alikuwa Généreuse, mjane wa Kikongo kutoka Uvira aliyekaa Gulfton, kwenye yale maghorofa ambako kila balkoni ina nguo zinazokauka na kila mlango una lugha yake. Watu walimwita Mama Matumaini kwa jina la binti yake, naye alimwita Ndeshi Mama Clara. Walikutana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili ya Jumapili mchana. Ndeshi akitega na Généreuse akishindwa, hakuona haya kutoa mji.

"Nakupa Bukavu!"

"Bukavu nimekwenda, nikapewa samaki nikala, nikarudi nimenona. Jibu ni kalibu ya matofali, mwenzangu."

"Eh, maman! Sasa Bukavu yangu imekwenda bure!"

Basi wakawa chanda na pete. Miss Harriet, kikongwe wa Bellaire, alipohitaji mtu wa pili wa kukaa naye wikendi, Ndeshi, aliyekuwa akikaa naye siku za kazi, alisema hana haja ya kutafuta mbali, mtu anaye. Clara ndiye aliyewaunganisha na familia ile. Alikuwa nesi, na aliwahi kumuuguza yule bibi hospitalini hadi mwanawe, Curtis, akamwamini.

"Mama, unamjua kweli huyo?" Clara aliuliza. "Manake jina litakalochafuka ni langu."

"Namjua nje ndani," Ndeshi akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudia Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka 2018.

Aliingia na chai ya Miss Harriet kama kawaida, akainua macho ukutani, na chai ikamwagikia sahani. Pale palikuwa na picha mbili za Kijapani, karatasi mbili zilizotundikwa bega kwa bega. Mume wa Miss Harriet alizinunua huko huko Japani enzi za ubaharia wake, na zilikuwa kuukuu hata siku hiyo alipozinunua; sasa zimefika miaka mia mbili au karibu yake. Kwenye karatasi ya kulia kulikuwa na nyumba ya wageni kando ya njia, taa inawaka, na mwanamke mlangoni kakunja mikono ya nguo. Kwenye ile ya kushoto walikuwamo wasafiri wanapanda mlima mvuani, migongo wameifunika kwa mikeka ya majani, na nyuma yao wote mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kageuza shingo anaangalia alikotoka. Mvua ilichorwa kwa mistari myembamba kama nyuzi za sindano, na anga lilikuwa la nili. Ndeshi aliwapenda wale watu. Mara nyingine aliwasalimia.

Leo wasafiri hawakuwapo. Ilibaki nyumba peke yake na taa yake, ikingoja wageni, na pembeni yake ukuta mweupe wenye umbo la mstatili.

"Miss Harriet, wale watu wako wapi?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Miss Harriet, ambaye kichwa chake siku hizo kilikuwa chujio, alitazama ukuta, akatabasamu. "Wameenda zao," akasema. "Mvua imekatika."

Ndeshi alifuta sahani polepole. Ijumaa alipoondoka picha ilikuwapo. Toka Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana aliyeshinda humu ni mmoja, na baada yake ni mpwa wa Miss Harriet tu, mtu wa familia. Mlango haukuvunjwa, dirisha zima, na vijiko vya fedha viko vyote kabatini. Aliyechukua alijua anachokitaka.

Alishika simu. Namba ya Mama Matumaini ilikuwa ya kwanza kabisa. Akaitazama, akaitazama, akairudisha simu mfukoni. Kwao mtu mzima haulizwi "umechukua?" Swali la namna hiyo likishatoka mdomoni halirudi tena. Mtu mzima huzungukwa kama chungu cha moto, hupigiwa fumbo, mwenyewe akasikia, akarudisha kitu usiku kwa usiku, na asubuhi mkasalimiana kama jana. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyoamua.

Alhamisi akapitia Gulfton, eti analeta ndizi za kupika. Généreuse akamfungulia kwa vigelegele, akamvuta mkono.

"Mama Clara, karibu mu nyumba! Kuja uone kitu!"

Ukutani, juu ya televisheni, walikuwa wasafiri. Mikeka ile ile, mvua ile ile, mama yule yule kageuza shingo. Kilichobadilika ni fremu tu. Ya Miss Harriet ilikuwa ya mbao za kahawia, na hii nyeusi. Ndeshi akasogea karibu. Amebadili hata fremu, akawaza. Fundi huyu.

"Niliipata dimanche, kiisha ibada, kwa garage sale," Généreuse akasema, macho yanang'aa. "Ile barabara ya nyuma ya kanisa. Bazungu walikuwa wanahama, nyumba yao iliharibika na mafuriko ya mwaka jana, wanauza vyote. Mimi nilinunua vikombe, na hii ilikuwa chini ya vikombe. Nikaona huyu maman, sura moja na yule wa kwa Miss Harriet." Akagusa kioo, pale penye mama na mtoto. "Siku tulikimbia Uvira, mvua ilinyesha hivi hivi. Nilibeba Matumaini mugongoni, nimejifunika mukeka. Niligeuka hivi, nione kama nyumba ingali. Mama Clara, nililia pale barabarani, wale bazungu wakaniletea maji!"

Mtu mwingine angelia naye. Ndeshi alimtazama usoni kama mtu anayekagua shilingi ya bandia. Kitu cha miaka mia mbili, kilichotoka ng'ambo ya bahari, kiokotwe chini ya vikombe? Na kiwe kile kile, wiki ile ile? Mwongo mwenye kipaji huchanganya machozi ndani, akawaza, ili uone haya kuuliza.

"Nzuri," akasema. "Hebu nionyeshe jiko, hizi ndizi zitaiva mkononi."

Ijumaa jioni, wakati wa kupokezana zamu, Ndeshi alipiga fumbo lake. Sandukuni alikuwa na doti ya kanga aliyoitunza tangu Tanzania, nyekundu yenye pindo jeusi, imeandikwa KIMYA CHANGU SI UJINGA. Aliikata, akaipinda, akajifunga kipande kimoja kiunoni na kingine mabegani, maandishi yamekaa pale pale ambapo jicho haliwezi kuyakwepa. Mswahili yeyote akikuona umejifunga hivyo mbele yake anajua ana kesi.

Généreuse alishuka kwenye basi, akaja, akasimama. Akasoma herufi moja moja, midomo inacheza. Ndeshi akangoja uso ubadilike.

"Weee!" Généreuse akapiga makofi. "Iyi kanga iko muzuri! Na haya maneno! Mama Clara, unigawie kipande kimoja. Tafadhali!"

Ndeshi akamkagua uso tena. Umtukane mtu, naye akuombe tusi alivae? Ama huyu hajui kanga, maana kwao ni vitenge, na kitenge hakisemi. Ama anajua sana, na uso wake ni wa mbao. Kwa hasira, si kwa ukarimu, alivua kile cha mabegani akampa. Généreuse akakipokea kwa mikono miwili, akakibusu.

"Hana haya," Ndeshi alimwambia Clara garini. "Hana hata chembe."

"Nani, Mama?"

"Hakuna. Endesha."

Clara hakumdadisi. Alisubiri hadi taa nyekundu, ndipo akasema, "Curtis amenitext. Anakuja kutoka Fort Worth, si Jumatatu hii, ile inayofuata. Anasema kuna jambo la zile picha za mama yake, tutaongea akifika. Unajua ni nini?"

Ndeshi alitazama nje. Jambo la picha. Amekwisha jua, basi. Atakuja, ataona ukuta mtupu, ataita watu, na jina la kwanza kuandikwa litakuwa la binti huyu aliyekesha miaka kusoma unesi. La pili la Mama Matumaini. La kwake wala halikumtisha.

"Sijui," akasema. Na hapo ndipo alipoanza yeye mwenyewe kusema uongo.

Mungu naye, au shetani, akamrahisishia. Jumatano Généreuse alipiga simu: fundi wa bomba anakuja, yeye ana miadi ya kliniki, ufunguo upo. Je, Mama Clara angeweza kukaa kidogo? Miss Harriet siku hiyo alikuwa na mpwa wake, basi Ndeshi akaweza. Généreuse akamkabidhi ufunguo mlangoni. "Ubaki nao tu," akasema. "Siku nyingine utaingia bila kungojea mimi." Akakimbilia basi.

Fundi alikuja, akagongagonga, akaenda. Ndeshi akabaki na wasafiri. Aliwatazama kwa muda. Naokoa watu watatu hapa, alijiambia, na mmoja wao ni huyu mwizi mwenyewe. Akapanda kiti, akaitungua picha, akaiviringisha kwenye gauni la kulalia alilolileta makusudi, akaitia kwenye mfuko mkubwa wa sokoni na kuifunika na sukuma wiki. Asubuhi ya pili ilikuwa ukutani kwa Miss Harriet, kando ya nyumba ya wageni. Fremu nyeusi ilijitokeza, lakini nani huangalia fremu?

"Wamerudi," Miss Harriet akasema, akafurahi.

Ndeshi akangoja simu. Mtu akiibiwa hupiga yowe. Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa, kwenye kupokezana, Généreuse alikuja kachelewa na gari la jirani, wakapishana mlangoni, akasema tu, "Salama, Mama Clara," macho chini. Unaona? Ndeshi akajisemea. Mwizi akiibiwa hana pa kushtaki. Hiyo peke yake ni ushahidi.

Jumapili ibada ilipoanza, Généreuse aliingia toka zamu, akapita safu zote za nyuma, akaja kuketi kiti cha mbele ya Ndeshi, mgongo kwake. Mabegani alikuwa amejitanda kipande cha kanga nyekundu. Maandishi yalinyooka toka bega hadi bega. Kimya changu si ujinga. Ndeshi aliyaona wakati wa nyimbo, wakati wa mahubiri, na alipofumba macho kusali aliyaona bado. Mwishoni Généreuse aligeuka, akampa mkono wa amani. Mkono ulikuwa baridi.

Anaringa, Ndeshi akawaza. Anavaa zawadi ya watu kwa kuringa. Lakini usingizi wa siku hiyo haukuwa mzuri.

Jumatatu Curtis akafika. Clara alikuwa na siku yake ya mapumziko, akaja pia, amevaa vizuri kama mtu anayeitwa na mwalimu mkuu. Curtis alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye jasho la safari. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi bapa cha karatasi. Alimbusu mama yake, akageuka ukutani, akaganda.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

Clara akamtazama mama yake. Ndeshi akatazama viatu.

Curtis aliweka kifurushi mezani, akafungua. Ilikuwa fremu ya mbao za kahawia, kioo kipya, na ndani yake wasafiri wa mvua. Wale wale. Sasa walikuwa wawili wawili: mama mezani kageuza shingo, na mama ukutani kageuza shingo, kama mtu na kivuli chake kwenye maji.

"Niliichukua wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, kuipeleka kwa fundi wa karatasi Fort Worth," Curtis alieleza. "Ukungu uliingia tangu mafuriko. Nilimwambia yule mama wa wikendi, labda hakunielewa. Nilitaka niongee na ninyi kuhusu unyevunyevu, ile nyingine nayo inahitaji kutibiwa. Lakini hii…" Akaitungua ya fremu nyeusi, akailaza kando ya ile ya kwanza, akavaa miwani. "Ona. Ni ubao mmoja. Hii ya mama ilichapwa mapema, mistari ya mvua mizima. Hii nyingine ilichapwa ubao ukiwa umechakaa. Unaona mvua inavyokatika hapa? Nili pia si ile ile."

"Ubao?" Ndeshi aliuliza. Clara akamtafsiria.

"Walichonga picha kwenye mbao, wakapaka rangi, wakalaza karatasi, wakasugua. Karatasi mia, mia tano, elfu. Ziliuzwa barabarani kama ninyi mnavyouza vitambaa. Wasafiri walinunua kupelekea watu nyumbani. Zipo kila mahali, wengine hata hawajui wanazo." Akainua macho. "Ni ya nani?"

Mama mmoja, watoto mia, sura moja. Ndeshi alishika meza. Yeye aliyekitega kitendawili kwa kila mpita njia. Yeye aliyehudhuria harusi ambazo wanawake arobaini wamevaa kanga moja, na hakuna aliyeitwa mwizi wa mwenzake. Ukitaka kujua kanga yako kwenye kamba ya jirani, hutazami ua. Unatazama upindo, mkono wako ulivyoshona. Yeye hakutazama upindo. Alitazama ua, akahukumu.

"Ni ya rafiki yangu," akasema. "Nimeichukua kwake bila kumwambia."

Clara alifumba macho. "Mama," akasema taratibu, kwa Kiswahili, "sema tena, nisikie vizuri."

"Umesikia."

Curtis hakuelewa yote, na labda hilo lilikuwa jema. Aliifunga ile ya fremu nyeusi kwenye karatasi yake mwenyewe, kwa uangalifu, akampa Ndeshi. Na alipokuwa akiipokea, ndipo jambo la pili lilipomwangukia, zito kuliko la kwanza. Mama Matumaini alishinda humu tangu Ijumaa hadi Jumapili. Aliiona. Alikaa chini ya picha yake iliyoibwa, akamlisha Miss Harriet uji, akamchana nywele, kisha akaenda ibadani akachagua kiti.

Jioni jua halijazama Clara alimshusha Gulfton. "Nikusindikize?"

"Hapana. Nilikwenda peke yangu mara ya kwanza."

Ufunguo ulikuwa kwenye pochi. Hakuugusa. Alibisha.

Généreuse alifungua, kajifunga kanga nyekundu kiunoni, mwiko wa sombe, kisamvu cha kwao, mkononi. Akatazama kifurushi, akatazama mwenye kifurushi.

"Karibu," akasema, sauti kama ya karani.

Ndeshi alimpa kifurushi kwa mikono miwili. "Nilikuibia, Mama Matumaini. Nilidhani umeitoa kwa Miss Harriet. Sikukuuliza."

"Niliiona kwa Miss Harriet samedi, ile Jumamosi. Na fremu yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema." Généreuse akashika ncha ya kanga, akaikunjua, maneno yakalala juu ya mkono wake. "Dimanche, mbele ya macho yako. Ulikaa nyuma yangu saa mbili nzima. Haukusoma?"

Ndeshi akazitazama zile herufi.

"Siku ulinipa hii," Généreuse akaendelea, "nilifikiri ni jina langu umenipa. Hapa batu wanaona Kingereza yangu iko kidogo, wanaongea na mimi polepole kama na mutoto, kama mimi mujinga. Nikasema, Mama Clara anajua. Mama Clara ameona. Nikaibusu. Kumbe ilikuwa tusi?"

"Ilikuwa tusi."

Sombe ilikuwa ikichemka jikoni, kifuniko kinacheza. Généreuse alikwenda akapunguza moto, akarudi, akasimama.

"Kitendawili," akasema.

Ndeshi alishtuka. "Tega."

"Nilimupa ufunguo, akaingia kwa dirisha."

Ndeshi alilijua jibu kabla sentensi haijaisha. Lilikaa ulimini chungu kama mwarobaini. Akatafuta njia ya pembeni, kama alivyozoea.

"Imenishinda. Nakupa mji. Nakupa Moshi, na mlima wake."

"Mji sitaki," Généreuse akasema. "Sitaki mulima. Jibu."

Nje watoto walipiga mpira ukutani. Ndeshi, bibi wa wajukuu watano, aliyesuka mafumbo tangu meno ya utotoni, alisema jambo moja kwa moja, bila kulizungusha.

"Ni rafiki anayeogopa kuuliza. Ni mimi."

Généreuse aliitikia kwa kichwa mara moja. Akafungua karatasi, akaangalia kioo kama kiko kizima, akapangusa uso wa yule mama kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wangu."

Ndeshi akautoa kwenye pochi, akauweka pale. Ulikuwa mdogo, na kiganja kikafumba juu yake haraka. Akageuka aende. Alikuwa amekwisha shika kitasa aliposikia nyuma yake kiti kinaburutwa hadi ukutani.

"Mama Clara. Weye ndiye uliitoa. Panda, uirudishe."

Ndeshi akarudi. Akavua viatu, akapanda kiti, na Généreuse akakishika kiti kisiyumbe, bila kumtazama. Picha ikakaa msumarini, imeinama kidogo upande wa kushoto.

"Imenyooka?" Ndeshi akauliza.

"Hapana," Généreuse akasema. "Iache. Kesho, mardi, uje, kama unataka kuja. Lakini ubishe hodi, na ungojee mimi nifungue."